Kumuulizia Aliyeangushwa na Tembo

Nyinyi vijana mtakaoyasoma haya, kwanza acheni kucheka. Tangu nirudi, kila mmoja wenu anaingia uani kwangu na swali lake. Bibi, ilikuwaje Kombani? Bibi, ni kweli ulimgombeza dereva wa watu katikati ya barabara? Nimechoka kulisimulia jambo moja vipande vipande, huyu nimpe kichwa, yule nimpe mkia. Naliandika mara moja. Kusoma nilifundishwa chuoni kwa ajili ya Kurani, na herufi hizi nyingine nimezipata kwa kuwatazama nyinyi mkifanya kazi zenu za skuli. Mkiona neno limekaa upande, linyoosheni wenyewe, na mkae kimya.

Mwajua kwamba Mejumaa, mjukuu wangu niliyemlea, aliletewa posa na kijana mmoja seremala wa upande wa Kwale, jina lake Suleimani. Mwajua pia kwamba mama yake Mejumaa, binti yangu, aliolewa na mlevi. Alirudi kwangu na mtoto mgongoni, na kicheko chake alikiacha kule kule. Tangu siku hiyo nilisema: katika nyumba hii haolewi mtu na mnywaji, hata awe na nyumba ya mawe. Baba yake Suleimani ni mgema, hugema tembo la minazi. Kugema ni kazi, sikatai. Lakini nilitaka kujua mtoto wa mgema ana kiu kiasi gani.

Sasa, siku mbili tatu baada ya posa, yule Saidi dereva, Mnyamwezi anayebeba sukari kwa lori na kusimama kwetu kunywa chai, alimsikia Mejumaa akitajiwa mchumba. Akasema, "Suleimani seremala? Namjua sana. Mimi ndiye niliyemwokota barabarani Kwale. Aliangushwa na tembo."

Nikamwuliza, "Aliangushwa?"

"Vibaya, bibi. Tembo mwenyewe alikuwa mkali."

Nyinyi mlikuwapo, mlikicheka Kiswahili chake. Nami nikamwambia, "Mwanangu, husemi tembo alikuwa mkali, kama kwamba tembo ni mtu. Sema tembo lilikuwa kali."

Saidi ana adabu. Akainamisha kichwa. "Ndiyo, bibi. Lilikuwa kali sana. Na tangu siku ile hatembei sawasawa."

Hayo yakatosha. Mejumaa aliinuka akaingia ndani, na chai ya mgeni ikapoa. Jioni akaja kukaa miguuni pangu. "Bibi," akasema, "usimkatae kwa maneno ya njiani. Nenda ukamwone." Mtoto huyu hajaniomba kitu tangu azaliwe, hata kanga ya Idi hungoja apewe. Nikasema nitakwenda, na neno nitakalorudi nalo ndilo litakalokuwa.

MSAMBWENI HADI KOMBANI

Nilitia ng'onda kwenye kikapu, maana kwa wifi hakuendwi mikono mitupu, nikapanda basi la asubuhi. Samaki mkavu ana harufu, nani asiyejua? Kijana mmoja mwenye kofia ya kizungu akaziba pua. "Mama, huyo samaki wako amekata tiketi?"

"Amekata," nikamwambia. "Ndiyo maana yeye amekaa na wewe umesimama."

Watu wakacheka mpaka Ukunda. Pale pale gari likatoa moshi likazima. Ni mahali mnapopaita siku hizi Kona ya Musa, lakini msidhani palikuwa na maduka na kelele kama mnavyopajua. Palikuwa na mchanga, banda moja la chai, na mbuzi. Fundi akaingia chini ya gari tukawa twaona miguu yake tu. Kila tukiuliza, miguu ilijibu, "Bado kidogo."

Nilikaa na mwanamke wa Mwabungo aliyekuwa na muhogo wa kuchoma kwenye kikapu cha ukindu. Tukatia ng'onda mmoja makaani kwa mwenye banda, tukala kwa muhogo na pilipili. Wallahi sijala chakula kitamu vile barabarani. Akaniuliza, "Waenda harusini, dada?"

"Naenda kuileta au kuizuia. Sijajua bado."

"Basi kula kwanza," akasema. "Neno la tumbo tupu huwa chungu."

Yule kijana wa kofia naye alikuja akasimama karibu, ameona moshi wa samaki. Nilimkatia kipande cha mkia akala, na pua hakuziba tena. Gari lilipokubali kwenda, jua lilikuwa limeshapinda.

KOMBANI, JIKONI KWA WIFI

Wifi yangu Mwanamisi, dada wa marehemu mume wangu, anakaa Kombani nyuma kidogo ya soko. Kule ndiko kwenye tembo hasa. Kila mnazi umechanjwa hatua za kupandia, na kileleni kumening'inia kibuyu. Wagema hupita asubuhi na jioni na visu vyao viunoni, wanaamkiana kutoka mnazi hadi mnazi, wala hawatazami chini.

"Umezeeka," wifi akaniambia mlangoni, kabla sijatua kikapu.

"Na wewe umenenepa. Nipokee."

Ndiyo salamu yetu tangu niolewe.

Akaniandalia vitumbua. Mwajua vitumbua vya Mwanamisi, vyepesi kama pamba. Nilikula, nikaongeza, nikaongeza tena. Nilipokuwa nalamba vidole akasema, "Wajua nimeviumulia nini? Tembo tamu, limeteremshwa alfajiri. Leo bibi wa Msambweni amekula tembo sahani nzima."

"Nililokula halikuniangusha," nikasema, na nikamtazama usoni nione kama neno hilo litamgusa.

Halikumgusa. Lakini nilipomwambia nimekuja kumuulizia Suleimani, kwamba kesho nitapanda Kwale nimwone kwao, wifi alidondosha upawa.

"Kwale kesho? La, wifi. Kesho tutakwenda Waa, kwa fundi aliyemfunza useremala. Mtu huulizwa kwa mwalimu wake kwanza."

Niliona yana maana. Tukapanga pale pale, yeye anageuza vitumbua, mimi nimeegemea mto. Mashauri yangu yalikuwa haya: kila safari twende asubuhi na turudi kabla ya magharibi, maana mjane wa rika langu halali ovyo kwenye nyumba za watu. Chakula tubebe wenyewe, ili tusimfunge mtu mdomo kwa ukarimu wake. Na nililosikia kwa Saidi nililiweka moyoni, sikumwambia hata Mwanamisi. Nilitaka lije lenyewe.

KOMBANI HADI WAA, NA KURUDI

Yule fundi wa Waa ni mzee na masikio yamekwenda. Tulimkuta anapiga randa mlango. Nikamwamkia, nikakaa, nikasema nimekuja kwa habari ya ndoa.

Akaweka randa chini. Akanitazama juu hadi chini. "Mume alikufa lini?" akauliza.

"Zamani. Lakini—"

"Mimi sina ubaya," akasema. "Ila nina mke, na ni mkali. Itabidi tumuulize."

Mwanamisi alitoka nje akashika mti wa ua, mabega yanamtikisika. Nami ikabidi nipige kelele, "Si mimi! Ni mjukuu wangu! Suleimani!" Mke akachungulia dirishani akiwa na mwiko.

Alipoelewa, mzee alimsifu Suleimani mpaka jua likatuunguza. Mkono mwepesi, haibi misumari, anaswali. "Anakunywa?" nikapiga kelele. "Anakuja," akajibu. "Alikuwa akija. Sasa hawezi, mpaka—" Mwanamisi akakohoa. Kikohozi kikavu, cha kumwita mtu kando. Mzee hakukisikia, lakini mkewe alikisikia, akasema haraka, "Mpaka mvua iishe."

Mvua gani? Mbingu ilikuwa nyeupe kama sahani.

Tulirudi kwa miguu kipande kikubwa cha njia, tukala mkate wa kumimina na machungwa. Niliweka akilini: kuna jambo watu hawa wanalifunika.

KOMBANI HADI TIWI, NA KURUDI

Nikasema sasa ni Kwale. Mwanamisi akasema kesho yake ni Tiwi, kuna mgema kule mwenye kujuana na baba yake Suleimani, na tena yeye mwenyewe ana haja ya siki kwa achari. Nikaona sawa. Ikiwa mtu ananywa, nani ajuaye kuliko mgema?

Mgema tulimkuta, lakini alikuwa juu, na mnazi wake ulikuwa mrefu kuliko yote ya Tiwi. Nilitaka kumuuliza taratibu, kama watu wenye heshima waulizavyo. Basi.

"Shikamoo, wazee wa chini!" akaita.

"Marahaba! Teremka, nina swali!"

"Nikiteremka sasa linamwagika! Sema!"

Nikatazama huku na huku. "Wamjua Suleimani seremala?"

"Nani?"

"Suleimani!"

"Namjua!"

"Hunywa?"

"Anataka kunywa?"

"La! Nauliza, hunywa?"

Wanawake waliokuwa wakisuka makuti waliacha kazi. Watoto wakaja. Mwenye duka akatoka mlangoni. Yule bwana akateremka na kibuyu, uso umechangamka, akanijazia kata ya kifuu mpaka juu akanipa kwa mikono miwili. "Karibu, mama. Kwa mtu aliyeniita mpaka kileleni kwa ajili ya tembo langu, leo ni bure."

Mbele ya watu wote hao, mimi, na ushungi wangu.

Mwanamisi akasema, "Pokea, wifi, si adabu kukataa." Nyinyi mwanijua. Nilipokea, nikamkabidhi yeye, nikamwambia mwenye kibuyu kwamba mimi nauliza tu.

"Suleimani hanywi," akasema, kidogo amevunjika moyo. "Akija hapa huchukua siki ya mama yake akaenda zake. Na siku hizi haji, tangu..."

Kikohozi.

"Tangu nini?" nikauliza.

Akamtazama Mwanamisi. "Tangu mvua," akasema.

Jioni ile jikoni niliweka kikombe chini. "Mwanamisi, kesho wapi?"

"Nilidhani Likoni, ukaone feri."

"Feri nimeiona."

"Basi Ng'ombeni, kuna shangazi yake ambaye—"

"Kwale."

"Wifi, wewe umechoka, mlima ule—"

"Kwale. Wewe ukitaka baki na kikohozi chako."

Alikuna nazi mpaka kifuu kikabaki cheupe, akaendelea kukuna.

KOMBANI HADI KWALE, NA KURUDI

Gari la Kwale lilitupandisha hadi kwenye kilima kikali, likatushusha lipumue. Dereva akasema tutangulie kwa miguu, atatukuta juu. Huko kuna msitu huku na huku, hewa ya baridi, na harufu ya udongo ulionyeshewa, si kama kwetu pwani kwenye chumvi. Tulikwenda pole pole, Mwanamisi nyuma, anaburuta viatu kama anayepelekwa kwa hakimu.

Mara lori likaja kutoka juu, linateremka mbio, likasimama mbele yetu kwa vumbi. Aliyetoa kichwa dirishani ni Saidi.

"Shikamoo, bibi! Bibi wa Msambweni! Rudini, msipite. Tembo wamejaa barabarani."

Nilikuwa na hasira za siku nyingi, akazipata zote. "Marahaba. Na tembo ndilo la kunirudisha mimi? Nimetoka kulikataa Tiwi mbele ya kaumu! Kama wamelimwaga barabarani nitaliruka. Na hujajifunza tu? Si wamejaa. Limejaa!"

"Bibi, nakuomba—"

"Sema limejaa!"

"Limejaa, bibi. Lakini lina watoto."

Hapo Mwanamisi alinishika ushungi kwa nyuma akanivuta karibu nianguke. "Ndovu!" akanong'ona. "Wifi, ndovu!"

Pale mbele, kona ilipopinda, ukuta wa kijivu ulitoka msituni ukavuka barabara. Nyuma yake mwingine. Kisha kadogo, kamekamata mkia wa mama yake. Kisha akaja mmoja mkubwa akasimama katikati, akapanua masikio, akatutazama. Nikasikia tumbo lake linanguruma kama gari lile lililotuzimikia Ukunda. Saidi alifungua mlango wa lori, nasi tuliingia, wazee wawili, kwa namna ambayo sitaiandika.

Tulikaa watatu kwenye kiti kimoja. Yule mkubwa aling'oa tawi, akalifikiri, akaondoka.

Nikasema pole pole, "Saidi."

"Naam, bibi."

"Wale mwawaitaje kwenu?"

"Tembo, bibi."

"Ndovu ndio tembo."

"Kwetu ndio hao. Wenye mkonga."

"Na lile la mnazi?"

"Hilo mie silijui vizuri. Mie sinywi."

Nikarekebisha ushungi. "Na Suleimani uliyemwokota. Aliangushwa na huyu?"

"Na huyu, au na ndugu yake. Sikumwuliza jina. Kijana alikuwa kwenye baiskeli, amefunga mbao nyuma, tembo akatoka pale pale ulipoona. Mguu ulivunjika. Nikambeba hadi hospitali." Akajikuna kichwa. "Nilitaka kukueleza yote siku ile, bibi, lakini Kiswahili changu kilikuwa kimeshakosea."

Niligeuka kwa Mwanamisi. Alikuwa amejifunika uso na kanga.

"Na wewe ulijua."

"Nilijua ya mguu," akasema ndani ya kanga. "Mama yake aliniomba. Alisema, wakija watu wa Msambweni wazungushe zungushe huko chini, mpaka mwanangu aitupe fimbo. Aliogopa mtamkataa kwa kuwa kilema. Ndiyo maana ya Waa na Tiwi, na kule nako alikuwa ameomba wafunike. Sikujua kama wewe wamtafutia ulevi! Nilijiuliza, huyu mbona kila mahali auliza pombe tu, Uislamu umemzidi?"

Basi mama mmoja aliuficha mguu, mimi nikaficha neno, na wifi akatutembeza.

Saidi aligeuza lori pale palipo pana akatupandisha hadi karibu na kwao.

KWA MAMA YAKE SULEIMANI

Kijana alikuwa uani, amekalia gogo, anapiga msasa mguu wa kitanda, na wake mwenyewe ameunyoosha mbele. Aliponiona alitafuta fimbo ainuke. Mama yake alitoka jikoni, akaniona mimi, akaiona fimbo mkononi mwa mwanawe, akakaa chini kwenye kizingiti. Sijaona mtu akikaa vile isipokuwa msibani.

"Inuka," nikamwambia kijana. "Tembea kwanza. Kisha uketi."

Akatembea. Alichechemea kwenda kwenye mtungi, akanitekea maji, akachechemea kurudi, na maji hayakumwagika. Nikayanywa.

"Mguu huu utapona?"

"Wasema utapona, bibi. Lakini hautakuwa kama mwanzo. Minazi ya baba sitaipanda tena."

"Nani amekuuliza minazi? Tembo lile la juu, walinywa?"

Hakuharakisha. "Nililionja nilipokuwa mdogo, nikatapika juu ya kanzu ya babu. Sijarudia."

"Na mjukuu wangu wamtakia nini?"

Mama yake alisema, "Suleimani, jibu vizuri," kwa sauti ya kulia.

Akautazama ule mguu wa kitanda. "Alikuja sokoni Kombani na wifi yako, bibi, mwaka huu. Nilikuwa nauza vigoda. Akageuza kigoda akatazama chini yake, kuona kimeungwa vipi. Watu wote hutazama juu."

Huyo ni Mejumaa. Hata sufuria huitazama kitako kwanza.

Sikujibu posa pale, si desturi, na uso wangu niliuacha kama ulivyo. Lakini mama yake alipotuletea mbaazi za nazi na mahamri, nilikula, ingawa chakula chetu kilikuwamo kikapuni. Mwanamisi aliona nimekula. Alikohoa, na mara hii ilikuwa kicheko. Yule mama aliangua kilio, akanijazia sahani tena.

Saidi naye alikula, ukumbini, na hakuna aliyemsahihisha.

KOMBANI HADI MSAMBWENI

Kurudi hakukuwa na mambo. Basi halikuzima. Nilikaa dirishani, kikapu kimejaa nazi, achari ya siki ya Tiwi na kigoda kimoja nilichopewa cha Mejumaa. Pale Ukunda nilimtafuta yule mwanamke wa Mwabungo nimpe jibu lake, sikumwona. Nikamwachia mwenye banda salamu: mwambie naileta.

Nyinyi mlikuwa mmejazana uani, mnajifanya mwafagia. Mejumaa alikuwa nyuma ya mlango, naliona pindo la kanga. Binti yangu, mama yake, alikuwa ameshika ufagio na hafagii. Nilitua kikapu. Nilikitoa kigoda nikakiweka katikati, nikanywa maji. Mejumaa alitoka, akakigeuza, akatazama chini yake. Mama yake alimwona anavyokigeuza, na akacheka. Kicheko kile cha zamani, nilidhani hakipo tena.

Hapo ndipo nikatoa amri, na naiandika ili asiseme mtu hakuisikia: "Pelekeni neno Kwale, waje, na wamlete kijana kwa gari, asitembezwe. Saidi ndiye atakayewabeba, na siku hiyo atakaa mbele kama mjomba. Na katika nyumba hii, mgeni akija na habari, Kiswahili chake kisiguswe mpaka habari iishe. Akisema tembo, mpeni kiti, mpeni maji, kisha mumuulize kwa adabu: ana miguu, au limo kibuyuni?"